Gia ya Nne ya Mzee Gathogo

Baba mkwe wangu ana miaka sabini na mmoja, na mama yake ana ishirini na sita. Mama huyo huendesha kanta, lori dogo la duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, huvaa jinzi yenye madoa ya grisi, na siku za mashindano huvaa helmeti nyekundu na kuzungusha gari uwanjani mpaka vumbi liwaingie watu mdomoni. Ukiona ajabu, basi wewe si wa huku kwetu.

Huku kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Mzee Gathogo alizaa wavulana tupu, wanne, mmoja wao akiwa Kim aliyenioa mimi Tabby. Kisha, nywele zikiwa zimeshaanza kumtoka, akapata binti. Mama yake mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye aliitwa Wakiuru, kwa hiyo mtoto akaitwa Wakiuru, na biashara ikaishia hapo. Tangu siku hiyo mzee hajamwita mtoto huyo kwa jina. Humwita Maitu, yaani mama, na hasemi kwa mzaha.

Nimesikia kwamba akiwa wa shule ya chekechea, Wakiuru alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Gathogo, letea mimi maji," na mzee wa kanisa anayeogopwa na kwaya nzima akainuka kwenda kuleta maji. Siku moja alivunja dirisha la sebuleni kwa jiwe. Mzee akaja, akatazama vigae, akasema, "Mama hakupenda hii kioo." Kim, kwa kosa dogo kuliko hilo, alichapwa mpaka leo akiona mwiko anahama jikoni.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe wangu, Wamucii. "Wanawake wengine wanaolewa wanakuta mama mkwe," huniambia tukichambua mboga. "Mimi nikamzika wangu, nikafikiri nimepumzika. Kumbe nilikuwa nimembeba tumboni."

Sasa, mimi sipendi magari ya mashindano. Ni kelele, ni petroli inayomwagwa bure, na wakimaliza wako pale pale walipoanzia. Nimemwambia Wakiuru hivyo mara nyingi, naye hucheka tu. Huyu ni mtu asiyejua kutembea. Akitumwa chumvi hukimbia. Kanta ya kazini huipeleka na mabati mpaka Kangema, kwenye zile barabara za majani chai ambazo mvua ikinyesha hugeuka sabuni, na huko ndiko alikojifundisha kuliacha gari liteleze upande huku yeye akiangalia pengine. Ni Kangema hiyo hiyo alikopata gari lake la mashindano, Datsun 1200 kuukuu iliyokuwa ikilaza kuku. Mwenyewe alimwachia kwa sharti moja, kwamba kwanza awahamishe kuku.

Aliyelifufua ni Ayub, fundi wa Majengo, mtu mpole anayezungumza na nati kama anazibembeleza. Wakatoa manyoya, wakaweka mabomba ya chuma ndani ili likipinduka lisimponde dereva, wakalipaka rangi. Harufu ya kuku ilikataa kutoka. Dereva mmoja wa Sagana anayeitwa Muchiri, mwenye gari linalong'aa na kofia inayofanana na gari, alilipa jina Kiota. Kila Wakiuru akifika kwenye mstari, Muchiri huuliza kama yamesalia mayai.

Na Sagana ndiko Wakiuru alikokuwa hajawahi kumaliza. Mara ya kwanza tairi lilimtangulia. Mara ya pili petroli iliisha mbele ya jukwaa la wageni. Mara ya tatu aliingia mtoni, si sana, ila aliingia. Mwaka huu ilitangazwa kwamba uwanja ule wa kando ya mto umeuzwa na utakatwa ploti, kwa hiyo mashindano ya Jumapili ile yalikuwa ya mwisho. Wakiuru hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kumaliza Sagana, mbele ya Muchiri, na watu wake wakiwa pale kwenye utepe wa watazamaji wakimwona.

Basi Jumanne akaenda kujaribu gari kwenye kiwanja kilicho nyuma ya mitaa yetu hapa Ruring'u. Jiwe likapasua sampu, lile beseni la oili chini ya injini, oili yote ikamwagika, na yeye akaendelea. Alisikia kelele, akafikiri ni watoto wanamshangilia. Alisimama injini ilipojikaza kabisa na kukataa hata kukohoa.

Ayub aliinua boneti, akavua kofia. "Innalillahi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa na binamu.

"Inarudi?" Wakiuru akauliza.

"Hii hairudi. Tena injini ya namna hii haipatikani siku hizi. Katika Nyeri yote najua moja tu ambayo ni nzima, na haijapata kusumbuliwa tangu iundwe." Akafuta mikono, akatazama chini. "Lakini mwenyewe ni baba yako."

Hapo ni lazima nieleze habari za pikapu ya mzee. Ni Datsun 1200 pia, rangi ya maziwa, na asubuhi hubeba maziwa ya majirani kwenda kuuza. Imebeba viti vya kanisa, wagonjwa, maharusi na majeneza mawili. Lakini haijawahi kupita gia ya tatu. Mzee Gathogo huweka ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha huondoa mkono kwenye gia kama mtu aliyeshiba. Tumepitwa na baiskeli. Tumepitwa na mama mmoja aliyebeba sukuma wiki, naye alitusalimu akipita. Ukimuuliza kwa nini haweki ya nne, jibu ni moja: "Inatosha."

Nilimwambia Wakiuru asahau Sagana, atafute mchezo mwingine, hata dati ya kurusha vishale. Lakini Wamucii alikuwa amekaa pale akisikiliza, na yule mama ana akili kuliko sisi wote.

"Ukienda kama mtoto, atakataa," akamwambia binti yake. "Enda kama mama mkwe wangu."

Jioni hiyo, baada ya chai, Wakiuru aliingia sebuleni amejifunga leso ya mama yake na kitambaa kichwani. Alikaa kwenye kiti cha mzee chenyewe. Mimi na Wamucii tulisimama mlangoni tukijifanya tunapanga vikombe.

"Gathogo," akaita.

Mzee akavua kofia. "Ĩĩ, Maitu."

"Nimekuja kuazima injini ya pikapu. Jumatatu inarudi."

Mzee aliizungusha kofia magotini, akaizungusha tena. "Mama hakuwahi kuniomba kitu," akasema mwishowe. "Hata maji ya kunywa alikuwa anajichotea. Chukua."

Nusura tupige vigelegele. Lakini mzee aliinua kidole. "Ila haitapita ya tatu. Niahidi, Maitu. Mama yangu hakuwahi kunidanganya hata siku moja."

Mnapaswa kumjua Wakiuru. Huyu huwaambia trafiki kwamba anawahi leba kujifungua, na trafiki humpisha. Lakini ndani ya leso ile uongo ulimshinda.

"Naahidi," akasema.

"Na nitaenda na wewe Sagana. Mama hawezi kusafiri peke yake na hayo magoti yake."

"Magoti yangu iko sawa!"

"Hivyo ndivyo ulikuwa unasema," mzee akajibu kwa huzuni, akavaa kofia, akaenda kufunga ng'ombe.

Kesho yake injini ikang'olewa. Mzee aliweka kigoda karibu, akakaa kama mtu anayesubiri mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Alimtaka Ayub anawe mikono kwanza. Ayub, ambaye katika maisha yake ya ufundi ameagizwa kunawa baada ya kazi tu, alinawa. Injini iliponing'inia kwenye mnyororo, mzee aliishika ubavuni na kuiambia kitu kwa Kikuyu ambacho sikukisikia chote, ila mwisho ulikuwa "usituaibishe." Kisha akaenda ndani, akaleta blanketi, akafunika lile shimo lililobaki kwenye pikapu. Asubuhi za Ruring'u zina baridi, alisema, na pikapu haijazoea kulala wazi.

Siku zilizobaki nyumba haikukalika. Wakiuru alikuwa akitembea huku mkono wake wa kushoto ukiweka gia hewani, moja, mbili, tatu, basi. Uwanja wa Sagana una kona nyingi, na konani gia ya tatu humtosha mtu. Tatizo ni ule mnyoosho mmoja mrefu wa kando ya mto. Pale kila dereva huweka ya nne, na pale ndipo Muchiri huwaacha wenzake.

"Kwani nani atajua?" nikamuuliza. "Uko ndani ya gari, umevaa hiyo sufuria kichwani."

"Yeye atajua. Hiyo injini anaijua sauti kuliko ya Kim." Akanyamaza kidogo. "Halafu Tabby, sikuahidi kama mimi. Niliahidi kama mama yake."

Nikamwambia huo ni upuzi mtupu. Lakini kusema kweli lilinigusa.

Jumamosi tuliondoka kwa kanta ya kazini, gari la mashindano likiwa limefungwa kamba nyuma, mimi na mzee na Wakiuru mbele tumebanana, Ayub nyuma na spana zake. Wamucii alibaki na ng'ombe, na akasema kwamba akiombea nyumbani anasikika vizuri zaidi. Mzee alikuwa amepakia sweta, chupa ya uji, na dawa ya kuchua magoti. Sagana kuna joto. Wakiuru alivaa sweta.

Kwenye ukaguzi wa magari, mkaguzi mmoja aliyetoka mbali, nadhani upande wa Kisumu, alimkuta mzee ameegemea mlango wa Kiota.

"Mzee, hapa ni madereva na mafundi pekee. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtoto wake."

"Mtoto wa nani?"

"Wa huyu dereva."

Mkaguzi alimtazama mzee, akamtazama Wakiuru aliyekuwa amelala chini ya gari, akamtazama Ayub, na Ayub akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Yule mtu akaondoka taratibu kwenda kukagua magari ya watu wengine.

Jumapili watu walijaa. Mashindano yenyewe ni rahisi kueleweka: kila gari huzunguka uwanja peke yake likipimwa kwa saa, raundi mbili, na raundi yako nzuri ndiyo inayohesabiwa. Mzee hakutaka kukaa kwenye jukwaa. Alitaka kusimama kwenye ule mnyoosho wa kando ya mto, hatua chache kutoka kwenye utepe, ambapo angeisikia injini yake.

Muchiri akapita kwanza, gari liking'aa. Alipofika kwenye mnyoosho tulisikia gia ikiingia, sauti ikashuka, akapotea. Watu wakapiga makofi. Kisha akaja Wakiuru. Konani alikuwa mzuri, hata mimi nisiyependa mambo haya nilijikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Lakini alipoingia kwenye mnyoosho, gia ya tatu ilifika mwisho wake na haikuwa na pa kwenda. Ile injini ililia. Ililia kama nguruwe anayeona kisu, kutoka mwanzo wa mnyoosho mpaka mwisho. Mzee alishika masikio. Nadhani tangu ainunue hajawahi kuisikia hata ikipandisha sauti.

"Inaumia," akaniambia. "Tabby, inaumia."

Wakiuru alimaliza. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemaliza Sagana, wa pili, nyuma ya Muchiri. Kwenye kipaza sauti mtangazaji akasema Kiota kimevuka mstari na mayai yote.

Nikashikwa na hasira. "Baba," nikasema, na mkaza mwana hatakiwi kumsemesha baba mkwe kwa sauti ile, "si umwachie tu hiyo gia ya nne? Kwani ina nini?"

Mzee hakunikemea. Alitazama mto.

"Siku nilinunua pikapu, mtu wa kwanza kubeba alikuwa Mama," akasema. "Alikuwa hajawahi kupanda gari. Kila mahali alikuwa anaenda na miguu, na mzigo mgongoni. Nikampeleka barabara ya Karatina aone. Nikaweka ya kwanza, ya pili. Nilipoweka ya tatu akashika mkono yangu. Akasema, 'Gathogo, usipite hapa mpaka nikwambie.' Nikasema sawa. Alikuwa anazoea, unaona? Angezoea. Halafu akashikwa na ugonjwa, akaenda."

"Na hakukwambia."

"Hakuniambia."

Miaka yote ile tulikuwa tukimcheka. Kim humwigiza mezani, na mimi hucheka kuliko wote.

"Lakini Baba," nikasema polepole, "si Wakiuru ndiye yeye? Si umuombe akwambie?"

"Mama haombwi," akajibu. "Mama husema akitaka."

Wakati huo raundi ya pili ilikuwa imeanza. Muchiri akaenda, safari hii akagusa pipa lililowekwa konani na kupoteza muda, kwa hiyo raundi yake ya kwanza ndiyo aliyotakiwa Wakiuru kuipita. Kisha tukasikia Wakiuru anakuja. Alizichukua kona zote kama anazidai. Akaingia kwenye mnyoosho, na kile kilio kikaanza tena.

Mzee alivumilia kidogo. "Anayeendesha ni Mama," alinong'ona, si kwangu. "Ni yeye anaendesha, si mimi." Kisha akavua kofia, akapita chini ya utepe, akasimama mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kusimama, akainua mkono na kunyoosha vidole vinne.

"Ya nne, Maitu!" akapiga kelele. "Maitu, weka ya nne! Ya nne!"

Mwanamke aliyekuwa akiuza mayai na kachumbari kando yangu alimtazama mzee, akalitazama gari. "Ati huyo ni mama yake?"

"Ndiyo," nikasema.

"Haki amejitunza."

Ndani ya helmeti Wakiuru hakusikia neno. Lakini aliona kofia, akaona vidole. Tulisikia gia ikiingia. Kilio kikakatika, sauti ikashuka ikawa nene na tulivu, na gari likatupita kwa kasi iliyoning'oa kitambaa kichwani. Mzee alibaki amesimama vumbini, vidole vinne bado hewani, akisikiliza mpaka gari lilipopinda. Wasimamizi wawili wakaja kumtoa, mmoja kila mkono, naye akaenda nao bila ubishi, machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu.

Wakiuru alishinda. Kwa kiasi kidogo sana, lakini alishinda, na Muchiri alikuja mwenyewe kumpa mkono akasema hatauliza mayai tena. Ayub aliliinamia gari akaibusu boneti, akaungua midomo.

Jioni, tukiosha vikombe nyumbani, nilimweleza Wakiuru habari za barabara ya Karatina. Aliosha kikombe kimoja mpaka nikamnyang'anya.

Jumatatu Ayub alirudisha injini. Mzee alipokunja blanketi lake, Wakiuru alitoka ndani amejifunga ile leso, na kitambaa kichwani, akaingia pikapu na kukaa mbele. "Twende Karatina," akasema. Mimi na Wamucii tulipanda nyuma, kwa sababu hakuna aliyetuzuia.

Mzee akaweka ya kwanza. Akaweka ya pili. Tulipoingia barabara kuu akaweka ya tatu, akaondoa mkono. Lori likatukaribia nyuma na kuanza kupiga honi. Dirisha dogo la nyuma halina kioo, kwa hiyo tulisikia kila kitu.

"Gathogo."

"Ĩĩ, Maitu."

"Nilisema nitakwambia."

Mzee hakugeuka.

"Sasa nimezoea," Wakiuru akasema. "Sasa nakwambia. Weka ya nne."

Mkono wa mzee ulirudi kwenye gia ukakaa pale muda, kama umesahau kazi. Mabega yakaanza kumtikisika. Wakiuru akaweka mkono wake juu ya mkono ule, na wakaisukuma pamoja. Sauti ya injini ikashuka. Miti ikaanza kukimbia, lori likabaki nyuma, leso ya Wamucii ikapeperuka, na mimi nilikuwa nikilia na kucheka na kumeza upepo kwa wakati mmoja.

Wamucii alishika ukingo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaanza kugonga paa. "Gathogo! Punguza! Wee Gathogo, utatuua!"

Mzee hakupunguza. Alimsikia, maana mpaka ng'ombe wa kando ya barabara walimsikia. Lakini mama yake alikuwa hajasema.